Aje na Mkalimani Wake

Dada mtu alikuwa masikio ya nyumba nzima, na mdomo wake pia. Mdogo wake aliugua homa ya uti wa mgongo kabla hata hajatembea sawasawa, akapona, lakini masikio hayakurudi. Alipopelekwa shule ya bweni ya viziwi akaja likizo ya kwanza na mikono inayosema, ni dada peke yake aliyekaa chini kujifunza. Mama alisema naye atajifunza. Kisha kazi zikambana, kisha akazoea. Kukiwa na neno aliita tu, "Mwambie mdogo wako," na mdogo mtu akaambiwa. Hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda. Mama na binti yake waliishi ukuta kwa ukuta, wakipendana, wakizungumza kupitia mtu wa tatu kama wafalme. Wao wawili walikuwa na ishara chache za nyumbani tu: kula, njoo, mvua, pesa, kulala.

Mdogo mtu akawa fundi simu, na jina likawa hilo hilo, Fundi. Alikuwa na meza yake katika duka dogo lililotazama kituo cha mabasi. Mwenye duka alikuwa bwana mwembamba ambaye watu walimbatiza Chaja, kwa sababu muda wote ungemkuta ameegemea ukuta karibu na soketi. Kazini Fundi hakuhitaji mkalimani. Simu iliyoanguka majini haina maneno mengi.

Dada alianza na kikohozi. Wakasema ni mafua, wakasema ni vumbi la vitambaa dukani anakouza. Kikageuka homa ya mapafu, akalazwa. Huko wodini hakupata usingizi: akilala pumzi zinamkata, akikaa anachoka. Fundi akawa anafunga kazi mapema kwenda kukaa naye, wakipiga soga kwa mkono mmoja mmoja, maana mkono wa pili wa dada ulifungwa dripu. Dada alisema sasa ana kigugumizi. Walicheka mpaka nesi akaja kuwatazama.

Jioni moja manesi walivuta pazia wakamtoa Fundi nje. Mama alibaki ndani. Alipotoka uso wake ulikuwa mkavu kama ubao. Alimsogelea binti yake pale kwenye korido, akaweka kiganja chini ya shavu, akafumba macho. Kisha mjomba, kaka yake Mama, akamshika Mama bega, wakaingia wao wawili ofisi ya manesi.

Fundi alishukuru Mungu. Hatimaye dada amepata usingizi. Aliitikia kwa kichwa, akatabasamu, akaenda zake nyumbani ili wasije wakamwamsha.

Asubuhi Mama hakuwepo, akadhani amekesha hospitali. Alipika uji akaujaza kwenye chupa. Alilipiga pasi gauni la kijani la dada, asije akaruhusiwa akatoka na nguo iliyojikunja. Alipofika wodini godoro lilikuwa limekunjwa katikati na mfagizi anapiga deki chini ya kitanda. Nesi alimtazama, akatazama ile chupa, akaandika neno moja nyuma ya bahasha ya dawa.

Kwenye mazishi watu walisimama mmoja baada ya mwingine kumzungumzia marehemu. Midomo ilifunguka na kufungika. Wakati fulani waombolezaji wote walicheka kidogo, wengine wakipangusa macho, na hakuna aliyemgeukia Fundi kumwambia dada alifanya nini cha kuchekesha. Alimtafuta Mama kwa macho. Mama alitazama pembeni, na tangu siku hiyo akawa anatazama pembeni.

Wazo moja lilimkaa Fundi kooni kama mwiba wa samaki: nilimwacha akafa peke yake, mimi nikaenda kulala. Usingizi ukamhama. Mikono, ambayo ndiyo ilikuwa riziki yake na ndiyo ilikuwa sauti yake, ikaanza kutetemeka. Alichoma kioo cha mteja, akapoteza skrubu, akaegemeza paji la uso mezani mchana kweupe. Chaja hakumfokea. Alimwandikia kwenye kikaratasi: "Nenda ukaongee na mtu. Meza yako haihami."

Akaenda kwenye kliniki. Mshauri wa pale alikuwa mama mpole, na upole wake ndio uliomuumiza zaidi. Walianza kuandikiana, lakini foleni ilikuwa ndefu na karatasi haisemi upesi. Mwishowe aliandika: "Wiki ijayo njoo na mkalimani wako. Nani hukutafsiria?"

Fundi aliandika: "Dada yangu."

"Vizuri. Basi njoo naye."

Fundi alikaa na ile kalamu mkononi. Kisha akairudisha mezani, taratibu, akatoka.

Kilichomwokoa ni kundi la simu la waliosoma naye shule ya viziwi. Mmoja alimtumia namba ya mshauri aliyekuwa mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, anayefanya kazi kwa simu ya video. Mshauri huyo alikuwa anasikia, lakini baba na mama yake wote walikuwa viziwi. Aliongea kwa mikono kabla hajaongea kwa mdomo.

Mara ya kwanza Fundi aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, akafunga mlango. Mshauri alimwomba asogee dirishani. "Uso wako uko gizani," alisema kwa mikono, "na mimi nakusikiliza kwa macho." Kabla ya lolote alimuuliza mambo matatu bila kuzunguka: kama yuko mahali ambapo hataingiliwa, kama amewahi kufikiria kujidhuru, na nani aliye karibu naye wa kuitwa ikiwa siku itakuwa mbaya. Swali la pili Fundi alilijibu kweli. Alikuwa amefikiria. La tatu lilimshinda, mpaka akakumbuka kutaja jina la Chaja.

Kisha mshauri akamuuliza jina la ishara la dada yake. Fundi aligusa kwa kidole mwanya wa meno ya juu, kwa sababu dada alikuwa na mwanya. Tangu mazishi hakuna mtu aliyemuuliza jina hilo, wala aliyekuwa analijua. Akalia. Mshauri aliweka mikono yake mapajani, akangoja.

Wakawa wanakutana kila wiki. Mtandao ulikuwa na visa vyake. Mara mkono ungeganda hewani katikati ya neno, wote wawili wakabaki kama sanamu, kisha maneno yakaja kwa pamoja kama maji ya bomba lililoziba. Wakacheka, wakaanza upya. Siku moja mshauri alimwomba atenganishe vitu viwili, lililotokea na analoliwaza juu ya lililotokea. Lililotokea: alikwenda nyumbani. Analoliwaza: alimwacha dada yake.

"Ulijua nini pale koridoni?" aliuliza mshauri.

"Nilijua amelala."

"Anayejua mgonjwa amelala, akaondoka polepole asimwamshe, huyo amemwacha?"

Wazo halikuondoka, ila tangu siku hiyo lilikuwa linabishiwa. Mshauri alimfundisha pia kupumua akihesabu kwa vidole mikono inapoanza kutetemeka, na kupita barabara ya hospitali kidogo kidogo: kwanza mpaka kona, halafu mpaka geti. Katikati ya wiki wangeweza kuandikiana ujumbe. Jumamosi alimwingiza katika kikundi cha viziwi waliofiwa, kila mtu na mji wake, nyuso zimejipanga kwenye kioo kama picha za ukoo. Huko alikutana na mzee mmoja ambaye naye alisimama kwenye mazishi ya mkewe bila kujua kilichosemwa. Hawakupeana ushauri. Walitazamana tu.

Mama aliona. Mlango haukuwa na kitasa kizuri, na siku moja alimkuta binti yake anaiambia simu habari ndefu, mikono inaruka, uso umelowa machozi na papo hapo unacheka. Alisimama pale mlangoni. Baadaye mjomba alipokuja, Mama alimwambia, na mjomba akamwandikia Fundi: "Mama yako anasema una maneno mengi ya kumwambia mgeni."

Fundi alilipeleka neno hilo kwa mshauri, na mshauri akamuuliza kama angependa Mama akaribishwe siku moja.

"Lakini mimi si mrithi wa dada yako," alisema. "Nitatafsiri siku hiyo, na nitawaambia wote wawili kila kitu. Hakuna neno la pembeni."

Mama alikuja amejifunga kitambaa kichwani kama anakwenda ibadani. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mbali kidogo na binti yake. Sauti ya mshauri ilipotoka kwenye simu ikimsalimu, "Shikamoo Mama," alishtuka kidogo, akaitikia, akasema hajui aanzie wapi.

"Anzia panapouma," sauti ilimwambia.

Mama akasema bila kumtazama mtu, "Nina swali moja kwa huyu. Nilitoka mule ndani nikamwambia dada yake amelala. Akaitikia kwa kichwa. Akatabasamu. Mwanangu amekata roho, na mwenzake anatabasamu anakwenda zake nyumbani kupiga pasi. Asubuhi watu wamemwona kituoni ametulia na chupa yake ya uji. Wakaniambia huyu ana moyo wa jiwe. Sikuwajibu. Na mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo."

Mshauri alikuwa akitafsiri neno kwa neno. Akasita.

"Mama, naomba unionyeshe ulivyomwambia. Kwa mkono."

Mama aliweka kiganja chini ya shavu, akafumba macho.

Fundi aliutazama ule mkono. Rangi ikamtoka usoni. Alianza kusema kwa haraka, ishara zinagongana, mpaka mshauri akamwomba arudie.

"Anasema," sauti ikatoka kwenye simu, na sauti yenyewe haikuwa imara, "alielewa dada yake amepata usingizi. Hakuwa amelala siku nyingi. Alifurahi. Alikwenda ili asimwamshe. Kifo alikijua asubuhi, kwa nesi, mbele ya kitanda kitupu." Kisha ikasema, "Kwa mdomo neno lile lina maana mbili, Mama. Kwa mkono lina moja."

Mama hakupiga kelele. Aliinama polepole mpaka kitambaa kikamteleza kichwani, akakaa hivyo, na mgongo wake ukawa unakwenda juu na chini. Fundi alisogea. Alitaka kumwambia kitu na hakuwa na ishara ya nyumbani inayofika huko. Akamshika tu.

Ingekuwa vema kusema kwamba yaliishia hapo, lakini Mama alikuwa na jingine. Alilisema kikao kilichofuata, kwa shida.

"Kabla hajaenda, kauli ilikuwa imemkatika. Ile barakoa ya hewa ilikuwa mdomoni. Akaanza kufanya hivi na vidole." Aliinua mkono wake wa kulia, akakunja vidole viwili, akavisogeza kando. "Alikuwa ananitazama mimi, anafanya hivi. Nikajua anasema. Sikujua anasema nini. Nikamwambia, ndiyo mwanangu, ndiyo. Nikamwitikia tu."

Fundi alisogea karibu. "Arudie," alimwambia mshauri.

Mama akarudia. Safari hii vidole vilikuwa vitatu. Fundi alitazama kwa makini, kama anavyotazama saketi yenye hitilafu. Ingeweza kuwa "maji". Ingeweza kuwa "mwite". Mkono ukiwa chini kidogo, ingeweza kuwa jina la Fundi mwenyewe. Alimgeukia mshauri, na mshauri, ambaye ishara ni lugha aliyonyonya, akatikisa kichwa pole pole.

"Sijui," alisema, kwa mdomo na kwa mikono. "Siwezi kubahatisha jambo kama hili."

Mama akarudia tena, na tena, akijitahidi kuukumbuka mkono wa mwanawe. Kila mara ulitoka tofauti, na kila mara tofauti ilizidi, mpaka hata yeye akawa hajui ulianzaje. Ikabidi Fundi aufunike mkono ule kwa mikono yake yote miwili.

Siku hizi vikao ni mara moja kwa mwezi. Mikono ya Fundi imetulia, na Chaja amempa mwanafunzi wa kumfundisha. Usiku mwingine usingizi hauji, na anajua la kufanya mpaka upite, ingawa huwa haupiti wote. Mama anajifunza. Mshauri aliwatafutia mwalimu wa ishara, naye hufundisha kwa video, na Mama hukaa mbele ya simu kila jioni, vidole vyake vizito vikikataa kukunjika. Ameshajua kuuliza umeshindaje. Jibu likiwa refu humpotea njiani, naye huinua mkono kuomba lisemwe tena, pole pole.