Asumini Ndani ya Nailoni

Kabati la vioo la Mwanarehema lilikuwa la vitu vya kutazamwa tu. Vikombe vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo hakuna mgeni aliyepata kuvinywea, birika la Kichina, sahani zilizotoka harusini na hazijaona wali tangu siku hiyo. Na katikati, pahali pa heshima, lilisimama boksi la gemu ya televisheni, limefungwa nailoni yake, lina picha ya mzamiaji akikimbizwa na pweza mwekundu.

Mumewe Mwidani, baharia, alilinunua Hamburg mwaka wa themanini na tatu, akidhani ndani mna mchezo mzima, wa kutandaza mkekani kama bao. Alipofika nyumbani Likoni akaambiwa hiyo ni kaseti, yataka mashine, na mashine yataka televisheni, na televisheni yataka stima. Nyumba yao ilikuwa na taa ya mafuta. Mwanarehema alicheka mpaka akaketi chini, kisha akalipangusa boksi na kulitia kabatini.

"Hapa litapendeza," akasema. "Pweza asiyetaka nazi wala ndimu."

Lau wenye meli wangekuwa watu, boksi lile lingebaki pambo. Lakini walifunga ofisi yao kule kisiwani asubuhi moja, bila kuaga, wakatokomea na vitabu vya mabaharia vilivyogongwa mihuri ya kila bandari. Wakubwa waliopelekewa malalamiko walitikisa vichwa, wakaahidi, wakasahau. Wao husahau upesi, kusahau ndiyo kazi yao. Waliosugua sitaha kutoka Mombasa hadi Hamburg hawakusahau. Walirudi makwao hawana hata kipande cha karatasi cha kuonyesha kwamba waliwahi kuvuka maji mengine zaidi ya yale ya kivuko cha Feri.

Mwidani alibakiwa na mdomo wake, na boksi lenye stika ya bei ya Kijerumani. Mdomo ulisimulia, boksi likashuhudia. Kila alasiri, kwenye baraza la nyumba yake, kahawa ikipitishwa, alizipanda tena zile meli. Alieleza jinsi bahari ya Biskaya ilivyomtupa mpishi ndani ya sufuria ya maharagwe, na theluji ilivyomdanganya akadhani jokofu limepasuka. Hakuwa na shamba wala pensheni. Alikuwa na hizo hadithi, na watu walikuja kuzisikiliza.

Mwaka wa tisini na sita Matano akaharibu starehe. Matano, jirani yake aliyeuza madafu karibu na Feri, alikuwa amewanunulia wajukuu kaseti ya gemu kwenye duka moja mjini, mpya, imefungwa nailoni inang'aa. Alipoipeleka kwa Dishon, fundi wa televisheni mwenye kibanda ng'ambo ya kichochoro, Dishon akaigeuza mara moja tu.

"Mzee, hii ilishafunguliwa. Wamecheza wakachoka, wakaivisha nailoni nyingine."

Akavuka nayo hadi barazani, akawaonyesha wote. Nailoni ya kiwandani hupulizwa joto ikajikaza boksini kama ngozi ya ngoma, na mshono wake nyuma ni mwembamba, umelala. Huwa na vitundu vidogo vya kutolea pumzi. Ya kufungwa tena hulegea pembeni, na mshono wake ni mnene, umeunguzwa. Na stika, akasema, itazame stika, kama imekaa juu ya nailoni au imebandikwa kijanja.

Tangu siku hiyo Matano hakuamini nailoni yoyote ulimwenguni.

"Hata lile boksi lako, Mwidani," akasema, akimimina kahawa. "Nani ajua? Pengine ulilinunua hapa hapa, sokoni Mwembe Tayari."

"Lina stika ya Hamburg."

"Stika hubandikwa. Kwani wewe ulikuwa baharia, au ulikuwa ukiwachemshia chai vibarua wa bandarini?"

Watu wakacheka. Mwidani naye alicheka, lakini akaiweka kahawa chini. Watu hawa walikuwa kitabu chake cha ubaharia, hakuwa na kingine. Wakianza kucheka kicheko cha aina hiyo, basi wenye meli watakuwa wamemwibia mara ya pili.

"Sikizeni," akasema. "Boksi lile halijafunguliwa tangu Hamburg. Kesho Dishon atalitazama hapa hapa. Akiona limefunguliwa, wallahi, sitanena neno la bahari tena juu ya baraza hili."

"Hutaweza," akasema Matano. "Utapasuka."

Siku ya pili, adhuhuri, Mwidani alifungua kabati mwenyewe. Miaka yote hiyo hakuligusa. Kabati lilikuwa la Mwanarehema, yeye ndiye aliyepangusa kila Ijumaa, na boksi lilitazama mbele daima. Akaligeuza.

Mshono wa nyuma ulikuwa mnene, una meno meno. Aliujua mshono ule. Aliuona kwa miaka kwenye pakiti za biskuti, zile zilizovunjika ambazo vibarua wa kiwanda kule Changamwe waliruhusiwa kubeba nyumbani. Mwanarehema alizibana nailoni zile kwa moto tangu ujana hadi magoti yalipokataa, kibarua siku aliyoingia na kibarua siku aliyotoka. Stika ya Hamburg ilikuwepo, lakini ilikatwa pamoja na kipande chake cha nailoni ya zamani, ikapachikwa juu ya mpya kwa ustadi wa mshona kofia.

Na pembeni, kati ya nailoni na karatasi ya boksi, palikuwa na kitu cheupe kilichogeuka manjano, chepesi kama ganda la kitunguu. Akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Ua la asumini.

Hamburg hakuna asumini. Asumini ilikuwa kichwani mwa Mwanarehema, kila alasiri tangu alipomwoa.

Alikaa na boksi mapajani. Kutoka jikoni kulisikika mbuzi ya nazi ikikwaruza. Hakutaka kuuliza kwa namna ya polisi. Akapaza sauti, pole pole, kama mtu aulizaye habari ya chumvi.

"Mwanarehema!"

"Abee."

"Huyu mzamiaji humpita vipi yule pweza mkubwa?"

"Wangoja akunje mikono," akajibu mkewe bila kuacha kukuna, "kisha wapita chini, upande wa kushoto. Ukipita juu umekwi—"

Mbuzi ikanyamaza.

Akaja mlangoni na mikono ina machicha. Akamtazama mumewe, akalitazama boksi, kisha akaanza kucheka kwa mabega, kicheko kile kile cha mwaka wa themanini na tatu.

"Philister," akasema. "Wamkumbuka Philister, tuliyekuwa naye kiwandani? Dadake alifanya kazi kwa Wazungu Nyali. Walipohama wakamwachia televisheni na mashine. Nikasema, kwani lile boksi la mume wangu laozea nini? Nikalichukua. Wewe ulikuwa Karachi, au wapi."

"Na mlicheza?"

"Tulicheza! Philister alikuwa akifa upesi, maskini. Mimi pweza wote wananijua." Akapangusa mikono kwenye leso. "Ulikuwa ukikaa huko majini mpaka nasahau sauti yako. Nikaona na mimi niingie majini kidogo."

Mwidani alitaka kukasirika, akatafuta pa kuanzia, hakupapata. Akamweleza kuhusu baraza na kiapo. Hapo mkewe aliacha kucheka.

"Nipe hilo boksi," akasema. "Nina kipande cha nailoni safi, nina pasi. Nitalibana mshono ulale, hata Dishon asiujue. Hilo ua nalitoa, kwisha."

Mwidani alilitazama ua. Akaliona jinsi lilivyodondoka, kichwa cha Mwanarehema kimeinama juu ya boksi, ulimi umetoka kando kidogo kama alivyo akishughulika, na yeye Mwidani yuko mbali, juu ya maji, hajui kwamba yuatafutwa.

"Ua halitoki," akasema.

Alasiri barazani palijaa. Matano alikuja na kiti chake kana kwamba yuaja kortini. Dishon alilipokea boksi kwa mikono miwili, akaligeuza, akauona mshono. Kisha akaliona ua. Kidole gumba chake kikasogea taratibu kikalifunika.

"Mzee Mwidani," akasema, "hizi za zamani, za Ulaya, zilikuwa na mishono tofauti. Mimi siwezi kusema—"

"Toa kidole, Dishon."

Dishon akatoa.

"Limefunguliwa," akasema Mwidani. "Na likafungwa tena."

"Na nani?" Matano alikuwa ameinuka nusu.

"Na mwenye nyumba."

Nyuma ya pazia la dirisha kikasikika kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua. Wakaelewa. Matano akaketi, na uso wake haukuwa wa mshindi.

Mwidani alishika kiapo. Alasiri iliyofuata alizungumza bei ya unga na kivuko kilichoharibika, na watu wakapiga miayo. Hapo sauti ya Mwanarehema ikatoka dirishani. Yeye hakuapa.

"Ati siku moja mume wangu alikuwa Biskaya," akaanza, "kukatulia shwari, maji kama kioo, na mpishi akasinzia—"

Mwidani akageuka kwa ghafla. Akafunga mdomo.

"—na maharagwe yale yalikuwa kunde."

"Yalikuwa maharagwe!" akasema Matano. "Na kulikuwa na dhoruba! Si ndiyo, Mwidani?"

Mwidani alitazama kikombe chake. Mwanarehema aliendelea alasiri nzima, na siku ya pili yake pia. Hamburg akaipeleka Uarabuni, theluji akaifanya mvua ya vuli, nahodha akampa ndevu ambazo hakuwa nazo. Kila alipokosea, Mwidani alikohoa, na kila alipokohoa, pazia lilitikisika kwa kicheko.

Matano ndiye aliyeshindwa. Alisimama, akalibeba birika la kahawa, akavuka kichochoro mpaka kwenye benchi refu la mbele ya kibanda cha Dishon.

"Njooni!" akaita. "Uliapa juu ya baraza lile, Mwidani. Hili ni benchi la Dishon, halina kiapo. Njoo utuokoe na mkeo!"

Watu wakavuka. Mwidani akaja mwisho, na boksi kwapani, ua likiwa ndani yake, nailoni haijaguswa. Aliketi, akapokea kahawa, akaitazama nyumba yake ng'ambo ya pili.

"Kwanza," akasema kwa sauti ya kufika dirishani, "yalikuwa maharagwe."