Nota Moja Chini

Watu wa kijiji cha Maretadu walisema Onesphory Akonaay ana moyo wa jiwe. Wengine walimtetea, wakasema ni mwanamume, basi. Mkewe Restituta alianguka jikoni asubuhi akichambua maharage, presha ikiwa imempanda, na gari lilipofika hospitali hapakuwa tena na mgonjwa. Onesphory alishika jembe kaburini pamoja na wenzake, akapokea wageni, akawamiminia maji ya kunawa. Hakulia. Matanga yalipoisha alirudi shambani kupalilia mahindi. Mtu akimwambia pole, alijibu asante, kisha akamuuliza kama mvua imefika kwao. Usiku alijichunguza kama mtu aliyeng'olewa jino na ganzi bado haijamtoka: alijua pana pengo, lakini hakuna kilichouma.

Jambo moja tu aliweza kulizungumza kwa urefu, nalo ni besi. Alikuwa mpiga gitaa la besi wa kwaya ya parokia, na kwenye simu yake kulikuwa na kundi la wapiga besi wa Mbulu na Hanang, watu wasiochoka kubishana. Nyuzi nne au tano? Spika ya inchi kumi na mbili au kumi na tano? Katika kundi hilo Onesphory alijulikana kwa kitu kimoja: nyuzi zake zote alizityuni nota moja nzima chini ya za wenzake. Walipomuuliza sababu, aliandika kwamba besi ni ya chini, anayepanda huko juu anatafuta nini? Wakampachika jina la Bwana Chini.

Ijumaa moja Mwalimu Evaline, aliyeongoza kwaya na kupiga kinanda, alipita nyumbani kwake. Onesphory alimwamkia shikamoo, akamtolea kiti. Mwalimu alikaa, akawatazama kuku.

"Jumapili Zita ndiye ataongoza beti," alisema mwishowe. Zita alikuwa mdogo wake Restituta. "Sauti yake iko juu, haiwezi kushuka kama ya marehemu. Mimi kinanda nabonyeza kitufe tu kinarudi juu. Sasa gitaa lako..."

"Nitalipandisha, mwalimu."

"Kama ni mapema mno, tunaweza kusubiri."

"Si kazi kubwa."

Mwalimu Evaline alimtazama kama anayengoja neno jingine. Akaaga.

Kesho yake mchana ikaingia pikipiki na boksi kubwa limefungwa nyuma kwa mipira. Aliyeshuka ni Qamara, mpiga besi wa Balangdalalu, mtoto wa wafugaji, ambaye ndiye aliyebishana na Onesphory kuliko wote kundini. Msiba ulipotokea alikuwa mbali pamoja na ng'ombe, wakitafuta malisho kusikoshika mtandao. Alishika mkono wa mwenzake kwa mikono miwili, akampa pole, akampa na kidumu cha asali kutoka kwa mama yake.

"Asante," alisema Onesphory. "Hilo boksi ni la nini?"

Qamara alisita, halafu akaona mwenzake anataka kuzungumzia hilo tu. "Ni amplifaya na spika yake. Boksi nimeliunda mwenyewe kwa mbao. Nimelileta ulisikie, maana lile lako dogo ukilipandisha sauti linakoroma."

"Mbao ya unene gani?"

"Nene. Plaiwudi nyembamba inatetemeka, sauti inakuwa kama ya debe."

Walilibeba hadi sebuleni, wakavuta waya. Onesphory alipiga uzi mnene kabisa, na vikombe vikalia kabatini. Qamara alitabasamu. Onesphory alisema sauti ni safi, ila kitobo cha boksi ni kidogo, hewa haipumui vizuri. Qamara alisema atakipanua. Wakaendelea hivyo kwa muda mrefu, na kwa muda huo wote Onesphory alionekana mtu kama watu wengine.

Kisha akalilaza gitaa mapajani na kuanza kukaza nyuzi, moja baada ya nyingine.

"Unapandisha?" Qamara aliuliza.

"Napandisha."

"Leo Bwana Chini anahama? Miaka yote umetutukana, leo unakuja kukaa na sisi huku juu?"

Onesphory hakuinua macho. "Haikuwa mambo ya besi," alisema. "Restituta ndiye aliyekuwa anaongoza beti, na sauti yake ilikuwa nzito. Nyimbo zote zilimkaba juu. Mwalimu akashusha kinanda, mimi nikashusha nyuzi. Hayo mengine niliyoandika yalikuwa maneno tu."

Nje mbuzi alikuwa akilia kamba imemsokota, na hakuna aliyekwenda kumfungua.

"Sikujua," alisema Qamara.

"Sikumwambia mtu."

"Sikiliza basi. Pandisha tatu, huu mnene uache hapo ulipo. Uko kwenye nota ya D, uache hapohapo. Kuna watu wengi wanapiga hivyo, na Zita hautamsumbua. Utabaki na uzi mmoja wa wakati ule."

Onesphory alifikiria. Lilikuwa wazo zuri, la mtu anayejua besi na anayempenda. Akalitafuta moyoni lile neno, uzi mmoja wa wakati ule, aone kama litamchoma. Halikumchoma.

"Vidole vitapotea," alisema. "Kila nikishuka kwenye huo uzi nitaikuta nota nyingine. Nitamharibia Zita."

Akaukaza na huo. Nyuzi alizokuwa amefunga zilikuwa nene kuliko za kawaida, kwa sababu nyembamba zikilegezwa zinagonga vyuma vya shingo na kulialia. Sasa zilivuta shingo nzima ikapinda. Qamara alitoa ufunguo mdogo mfukoni, akaupachika kwenye chuma kinachopita ndani ya shingo, akakaza polepole huku Onesphory akipiga na kusikiliza.

Jumapili kanisa lilijaa. Zita alisimama pale alipokuwa akisimama dada yake, mikono ameificha ndani ya kitenge. Mwalimu Evaline alianza, Onesphory akaingia. Vidole vilikwenda njia ileile, hatua zilezile, havikujua kwamba kitu kimebadilika. Ni wimbo wenyewe uliokuwa umehamia juu. Zita alipofungua mdomo, akina mama wa mbele walijifunika nyuso kwa khanga, na mmoja akatolewa nje. Kwenye benchi la wanaume Qamara alikuwa ameinama. Onesphory alihesabu mapigo. Aliona kila kitu, kama anayetazama kwenye kioo cha gari linalopita.

Misa ilipoisha Zita alimfuata alipokuwa akikunja waya.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Nimeimba vibaya?"

"Hapana. Ubeti wa tatu uliingia mapema kidogo. Nilikusubiri."

"Niliona unanisubiri." Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke. "Shemeji, wewe hulii?"

"Sijui, Zita. Nadhani sijafika."

Zita aliitika kwa kichwa kama aliyeambiwa kwamba mtu bado yuko njiani, akachukua upande mmoja wa boksi, wakalitoa nje pamoja.

Nyumbani Onesphory na Qamara walikuta ugali na maziwa ya mgando waliyoletewa na jirani. Qamara alimimina maji, Onesphory akanyoosha mikono, na maji yalipogusa ncha za vidole vya mkono wa kulia akashtuka. Zilikuwa nyekundu, moja imepasuka. Aliirudisha chini ya maji, akaiacha hapo mpaka birika likaisha.

"Zinauma," alisema.

"Nyuzi nene hizo, na umezikaza mpaka juu," alisema Qamara. "Lazima ununue nyembamba."

"Madukani Haydom zipo?"

"Sijui. Tukimaliza kula tuulize kwenye kundi."

"Uliza wewe," alisema Onesphory. "Mimi watanisumbua kuhusu Bwana Chini."

Akavuta bakuli la maziwa karibu, akamega tonge kwa mkono wa kushoto, na hakumwomba mgeni radhi.