Weusi wa Mtutu

Mzee Ngollo alikuja kutoka Igunga kuitazama shotigani yake, ile anayofukuzia nguruwe mwitu kwenye mpunga. Mimi ni fundi wa bunduki mwenye kibali, hapa Kanyenye, na kazi aliyonipa ilikuwa kurudisha weusi wa chuma kilichochakaa. Kutu nilikuwa nimeimaliza, lakini dawa nilikuwa nimepaka nusu tu ya mtutu. Nusu ya mbele ilikuwa bado nyeupe.

"Shikamoo, mzee. Bado kidogo, tazama mwenyewe."

"Marahaba." Aliinua mtutu kuelekea dirishani. "Bado nini? Umekolea wote, mweusi kama chungu cha mama Julieth!"

"Mzee, nusu ya mbele bado ni nyeupe." Akaelewa kuwa nimemgundua.

"Macho yamekwisha tangu masika," alisema polepole. "Usimwambie mtu. Watanipokonya bunduki, na mpunga utaliwa."

"Na mtu akikatiza shambani, mzee?"

Alitega sikio dirishani. Nje, binti yake Julieth alikuwa akibishana na kijana wa bodaboda huku akicheka.

"Yule anaona mbali," alisema mzee. "Ila ana kelele."

"Hata kelele zinafukuza nguruwe."

Alicheka kidogo, kisha akailaza bunduki mezani kwangu na kuiachia.

"Julieth! Njoo, mama. Tupite polisi tukaulize unavyoweza kuomba kibali kwa jina lako. Mimi sioni tena."