Kidole Juu ya Saa

Zimeshuka! Siyo kubaki palepale, siyo kupanda kidogo kidogo. Zimeshuka. Mama Doa aliikodolea macho kompyuta ya chumba cha mtihani, akayafumba, akayafumbua, alama zikawa ni zilezile, chini hata ya zile za mara ya kwanza.

Jamani, na huyu si mtu wa kulaza damu! Ni msimamizi wa duka la dobi, na jina la Mama Doa alibandikwa na wenzake kwa sababu nguo haitoki mikononi mwake na uchafu. Atasugua, atanusa, atabadilisha dawa, mpaka doa lisalimu amri. Bosi wake alimwambia wazi: afaulu mtihani wa kuingia chuo cha biashara, atamlipia masomo na kumkabidhi tawi jipya. Akishindwa, analetwa meneja kutoka nje. Mtu wa nje, aje amfundishe yeye kukunja shati!

Tatizo lilikuwa muda wa kusoma. Alikuwa anaokoteza tu: kabla mtoto hajaamka, mashine zikizunguka, saa ya chakula amekalia kapu la mashuka, kijiko mkono huu, kitabu mkono ule. Jumapili alifanya mitihani ya mazoezi, na mumewe, mhasibu aliyewahi kuufanya mtihani huohuo akafaulu, alimpimia muda kwa simu. Na kila Jumapili alama zilikuwa safi kabisa! "Umeiva, mke wangu," mume alikuwa akisema. Kuiva gani huku?

Bosi aliguna, akampa nafasi moja ya mwisho kabla ya mwezi kuisha.

Jumapili iliyofuata mume alikuwa ametoka kwenda kunyoa. Dada yake, mwalimu wa sekondari asiye na simile, akaja kusalimia, akamkuta wifi yake ameinamia vitabu, macho yamemvimba.

"Lete huo mtihani wa mazoezi, wifi. Leo saa naishika mimi."

Mama Doa akaanza. Maswali ya mwanzo yakapita vizuri, mpaka akafika kwenye swali la mabomba mawili yanayojaza tangi. Likagoma. Akalisugua weee, huku, kule, akafuta, akaanza upya. Akilini mwake halikuwa swali tena, lilikuwa wino kwenye kola ya mteja. Alipolipata, akafungua ukurasa kwa furaha, na simu ikalia.

"Weka kalamu chini."

"Acha utani, wifi! Sijafika hata nusu!"

"Utani gani? Muda umekwisha."

"Simu yako mbovu hiyo."

Wakaangalia saa ya ukutani. Nayo ilisema vilevile. Mama Doa akaishusha, akaitikisa, akaiweka sikioni. Nzima.

"Lakini nikifanya na kaka yako namaliza yote," alisema, sauti imekauka. "Yote, na muda unabaki!"

Wifi akaichukua saa, akairudisha ukutani. "Huwa anakaa wapi?"

"Hapo, nyuma yangu."

"Na simu?"

"Mkononi mwake."

Wakatazamana.

Mume akaingia anapiga mluzi, kichwa kinang'aa. Dada yake hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu. "Kaka, ulikuwa unasimamisha saa?"

Mluzi ukakatika.

"Nilikuwa namwonea huruma tu," akasema. "Akikwama anatoka jasho. Nasimamisha kidogo, apumue."

"Huruma!" Mama Doa aliitupa kalamu. "Mtihani huu umeufanya wewe mwenyewe. Ulijua swali likigoma mtu anabahatisha jibu, anasonga mbele. Ulijua, ukaniacha nikaumbuke?"

Mume akaangalia chini. "Ukifaulu utakwenda. Chuo kiko mji mwingine, mke wangu. Miaka miwili! Mimi nitabaki na nani?"

Mama Doa alikifunga kitabu. "Nani kakwambia nakwenda? Chuo kina masomo ya jioni, hapahapa mjini. Nilishamwambia bosi nachagua hayo. Hukuniuliza hata siku moja!"

"Ya jioni?" mume akauliza.

Muda wa kusoma haukuongezeka hata kidogo. Kilichobadilika ni mwalimu. Wifi alikuja kila jioni aliyoweza, akasimama nyuma ya kiti, na swali likigoma tu, anamfinya bega: "Bahatisha! Pita!" Lo, iliuma! Kwa Mama Doa ilikuwa sawa na kumrudishia mteja shati lenye mchuzi kifuani. Siku ya kwanza alilia kweli. Lakini akapita.

Siku ya mtihani alipita kila swali lililomgomea, meno ameyauma, na kwa mara ya kwanza akaliona swali la mwisho. Alama zilipotokea, alimwita msimamizi wa chumba amthibitishie kuwa ni zake.

"Mama, kuna mtu mwingine kwenye kiti hicho?"

Zilikuwa zimeruka kupita hata alizoomba bosi. Siku ya pili bosi alizisoma pale kaunta, akazirudia. Mume alikuwepo, amembebea mkewe chakula. Tangu Jumapili ile alikuwa mpole ajabu, vyombo anaosha bila kuombwa.

"Hizi zinakuingiza hata masomo ya mchana, kule mji mwingine, makao makuu ya chuo," bosi alisema. "Ila wewe ulisema ya jioni. Niandike ya jioni?"

"Ndiyo, ya jioni," mume akadakia, anatabasamu.

"Ya mchana," Mama Doa akasema.

Wote watatu walishtuka, na aliyeshtuka zaidi ni yeye mwenyewe. Maneno yalitoka hata hajayapanga. Bosi akabaki na kalamu hewani.

"Mke wangu, si ulisema..."

"Nilisema ya jioni nikidhani nina mtu nyumbani," akamjibu, bila kupandisha sauti. "Mtoto nitakwenda naye. Andika, bosi."