Jozi za Kitambaa Kimoja

Filamu niliyoishonea nguo ilikuwa ya kuchekesha, nyimbo na kucheza mwanzo mwisho, hadithi ya weusi na weupe kupatana. Basi ukija kwenye ukumbi wa mazoezi mchana unakuta weupe wanakula chini ya feni, weusi wanakula mlangoni. Mimi ni fundi cherehani tu, nikanyamaza. Naongopa. Nilisema mpaka koo likakauka, nani ananisikiliza?

Binti wa kaka yangu, Bonge, mrefu na mnene, ndiye aliyecheza vizuri kuliko wote. Ila mwongozaji alishamwambia asipopata mwenza hadi siku ya kupiga picha, atoke. Weusi walicheza na weusi wenzao, na hakuna kijana mweusi aliyeweza kumnyanyua pale mwisho wa wimbo. Mtoto akajifunika shuka gubigubi, hata chai hataki. Iliniuma, jamani.

Mwongozaji akaniagiza, "Shona jozi kumi. Kila jozi kitambaa kimoja, zilingane."

Zilingane? Hewala. Daftari la fundi lina kifua, kiuno na urefu. Rangi ya ngozi haimo. Nikapanga mrefu na mrefu, mnene na mnene, nikashona.

Asubuhi ya kupiga picha watu wakavaa, wakaanza kutafutana kwa vitambaa. Lo! Ukumbi mzima umechanganyika. Bonge kavaa maua ya njano, na mwenye shati la maua ya njano ni kijana mweupe, urefu wa mlango, anayecheza utafikiri anatafuta sarafu iliyoanguka.

"Fundi, umeniua!" mwongozaji akapiga kelele.

"Si ulisema zilingane, bosi? Nimepima."

Kamera zilikuwa za kukodi, zinarudi jioni. Akashika kichwa, akasema haya, pigeni muziki.

Kijana akamkanyaga Bonge mara tatu. "Samahani, dada."

"Acha kuhesabu hatua, nifuate mimi," Bonge akamwambia. Akamfuata. Hee, kumbe ana mabega ya kucheza yule!

Wimbo ukafika mwisho, pale pa kunyanyuana. Kijana akainama, akavuta, wapi! Bonge akamtazama, akamkamata kiunoni, akamnyanyua yeye juu kama mtungi. Ukumbi ukalipuka. Hata mwongozaji alicheka mpaka akakaa sakafuni, mkono ukipunga kamera isizimwe.

Bonge akanijia mbio, jasho likimtiririka. "Shangazi, tunarudia. Wamesema nisimame mbele, katikati."

Nikalia mbele za watu wote, mtu mzima mimi, wala sikuona haya.