Jibu Alilolijaza Shemeji

Pale kwa dobi alikofanya kazi walimwita Mama Kola, kwa sababu hakukuwa na mtu aliyejua kunyoosha kola ya shati kama yeye. Mashati ya mawakili, ya mameneja, ya mabwana harusi, yote yalipita mikononi mwake, na wateja wengine walisema waziwazi pale kaunta, "Hili apige yule mama, mwingine asiliguse." Alisimama kwenye meza yake ya pasi tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni, mvuke ukimpiga usoni, na hakuwa mtu wa kulalamika. Mwaka wa kumi na tano sasa alikuwa akimeza dawa za kufubaza virusi, kidonge kimoja kila siku baada ya kupiga mswaki, na muda wote huo ugonjwa uliowahi kumlaza ulikuwa mafua tu. Kipimo chake cha mwisho kilisema virusi havionekani. Muuguzi wa kliniki alimtania kwamba wagonjwa wote wakiwa kama yeye, basi yeye muuguzi atafute kazi nyingine.

Nyumbani, aliyejua habari hiyo ni mumewe peke yake. Alimwambia kabla hawajaoana, ndani ya karakana yake ya useremala, na mwanamume yule akamwuliza kama amekula. Mambo yakaishia hapo. Mume hakuambukizwa, watoto wawili walizaliwa salama, na ndugu wa mume hawakuambiwa kitu.

"Mama yangu namjua mimi," mume alizoea kusema. "Tumwache hivyo hivyo."

Wakamwacha hivyo hivyo.

Sasa mume huyo alikuwa na mdogo wake, kijana mwenye maneno mengi kiasi kwamba ukoo mzima ulimwita Redio. Baada ya kuhangaika na vibarua vya hapa na pale, Redio akapata kazi ya uwakala wa bima ya maisha. Alipewa miezi sita ya majaribio na begi lenye nembo ya kampuni, akaambiwa alete wateja. Kama mawakala wote wapya, akaanzia kwa ndugu.

Alifika Jumapili mchana, wametoka kula. Mama mkwe naye alikuwepo, amekuja kuwaona wajukuu.

"Shemeji, leo nimekuja kikazi," Redio alisema akifungua begi. "Usinione shemeji. Nione ofisa."

"Ofisa mwenye soksi mbili tofauti," Mama Kola akamjibu, na watoto wakaangua kicheko.

Lakini moyoni hakuwa akicheka. Bima ya maisha alikuwa akiitamani siku nyingi, kimyakimya. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la sita, na kabla muhula haujaisha alikuwa kwa shangazi yake, akipiga pasi sare za watoto wa watu waliokwenda shule. Binti yake mwenyewe alikuwa darasa la sita mwaka huo. Mara mbili Mama Kola alisimama mbele ya ofisi za bima mjini, akasoma tangazo lililobandikwa kwenye kioo, akaenda zake. Aliamini mtu mwenye hali yake hapokelewi, na alijionea aibu hata kuuliza.

Redio alijaza fomu, mdomo nao haupumziki. Jina, kazi, urefu. "Uzito niandike wa kweli au wa heshima?" Akafika kwenye ukurasa wa magonjwa. Bima yenyewe ilikuwa ya kiwango cha chini, haina kupimwa damu. Maswali tu, Ndiyo na Hapana.

"Kisukari, hapana. Presha, hapana. Moyo, hapana, tena moyo wako mzuri mno, ungekuwa mbaya usingemvumilia kaka." Kalamu ikashuka mpaka swali la kumi na moja. Akasoma kwa sauti, "'Umewahi kupimwa ukakutwa na virusi vya Ukimwi?'" Akacheka. "Hili hata kuliuliza ni kukosa adabu."

"Wewe uliza, kazi ni kazi," mama mkwe akasema kutoka kwenye kochi, akimsuka mjukuu wake. "Ingawa mtu wa kumtilia shaka mkwe wangu huyu, huyo ana lake jambo. Itazameni hiyo ngozi!"

Mama Kola alimtazama mumewe. Seremala yule alitoa penseli iliyokuwa nyuma ya sikio, akaanza kuichonga kwa kisu, na penseli yenyewe ilikuwa imeshachongoka. Hakuinua macho. Mama Kola akafungua kinywa aseme. Alichokiona ni mikono ya mama mkwe ndani ya nywele za binti yake. Alipomgeukia tena Redio, alama ya vema ilikuwa imeshakaa kwenye kisanduku cha Hapana, na ukurasa umegeuzwa.

"Sahihi hapa, shemeji. Na hapa."

Juu ya mstari wa sahihi paliandikwa kwamba mteja anathibitisha majibu yote ni ya kweli, na kwamba anairuhusu kampuni kuchunguza taarifa zake za hospitali siku ya kulipa madai. Aliyasoma maneno hayo mpaka mwisho. Kisha akasaini. Mama mkwe akapiga makofi, akasema wajukuu wake sasa wana ngao.

Siku ya kliniki ilipofika, alimsubiri muuguzi amalize kuandika, akauliza kama anayeuliza habari za jirani.

"Hivi mtu wa hali yetu anaweza kukata bima ya maisha?"

"Siku hizi anaweza," muuguzi akasema, akaitaja kampuni, nayo ilikuwa ile ile ya Redio. "Wana fomu maalumu. Wanataka vipimo vya mwaka mzima na barua ya daktari, na malipo yanapanda kidogo. Wanne wa hapa hapa wameshakubaliwa. Wewe na vipimo vyako, hata hawakusumbui."

Mama Kola akaikunja kadi yake ya kliniki.

"Na kama mtu alishajaza Hapana?"

Muuguzi akavua miwani, akamtazama. Hakuuliza ni jirani gani.

"Huyo analipa bure. Akifa, watakuja hapa na sahihi yake mkononi, wataomba faili. Wakishaliona, watoto hawaambulii kitu."

Alirudi kazini akaunguza shati, la kwanza tangu aajiriwe. Kesho yake, saa ya mapumziko, alikwenda makao makuu ya kampuni. Dirisha la huduma lilikuwa na kioo chenye tundu dogo chini, mteja hana budi kuinama ili asikike, na nyuma yake kulikuwa na foleni. Akainama. Akasema kwa sauti ya chini kwamba anataka kubadilisha jibu kwenye fomu yake.

"Inawezekana, mama," binti wa dirishani akamwambia kwa upole. "Ila fomu ya marekebisho inajazwa na wakala aliyekuandikisha. Anaeleza kwa maandishi kwa nini jibu la kwanza halikuwa sahihi, mnasaini wote wawili."

"Na nisipotaka ajue?"

"Basi unavunja mkataba uanze upya. Lakini ukivunja, yeye ndiye anayepewa taarifa, na lazima akufuate akuulize sababu na kuiandika."

"Yaani kote napita kwake."

"Kote, mama. Utaratibu ndio huo."

Alimwambia mumewe jioni ile karakanani, vumbi la mbao likiwa limemganda nyusi zote. Mume alisikiliza huku randa ikienda na kurudi.

"Ni mdogo wako," Mama Kola alisema. "Mwambie wewe. Mama asijue, yeye tu."

"Nitamwambia."

Wiki ya kwanza alikosa nafasi. Wiki ya pili Redio alikuwa safarini. Wiki ya tatu mume alirudi akasema walikutana, wakaongea habari za mpira. Mama Kola hakumwuliza tena.

Akamwita Redio mwenyewe, nyuma ya jengo la dobi, pale wanapoanika mashuka ya hoteli. Alimweleza yote bila kupumua, macho yakiwa kwenye vibanio vya kamba. Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, Redio alikosa la kusema. Halafu akamshika mikono yote miwili.

"Shemeji, kwangu hujapungua hata chembe. Na siri yako nitazikwa nayo."

Mama Kola akalia. Miaka yote hiyo aliogopa neno hilo moja lisemwe kwenye ukoo ule, na sasa limesemwa, na mtu bado amemshika mikono. Alijifuta kwa pindo la aproni.

"Basi twende kesho tukajaze ile fomu ya marekebisho."

Redio akaiachia mikono yake taratibu.

"Nitaandika nini, shemeji? Kwamba nilikujibia bila kukuuliza? Hata ukivunja mkataba, sababu naandika mimi. Mwenzangu mmoja alifukuzwa mwezi uliopita kwa kosa hilo hilo. Mimi niko kwenye majaribio. Na mke wangu unamwona alivyo, mimba mwezi wa nane huu."

"Kwa hiyo?"

"Nipe miezi mitatu. Wakinithibitisha kazini, siku hiyo hiyo tunakwenda."

"Nikifa kabla?"

"Hufi."

"Hujui."

"Sijui," Redio alikiri, akainamisha kichwa. "Nakuomba tu."

Angeweza kwenda dirishani peke yake na kusema kila kitu. Aliwaza hivyo usiku na mchana. Kisha alimkumbuka mke wa Redio anavyopanda ngazi akishikilia kiuno, akajiona hana ubavu wa kuwatoa watu wale kwenye chumba chao cha kupanga. Akakubali. Angefanya nini?

Miezi mitatu hiyo aliishi kama mtu aliyebeba mayai. Virusi hakuviogopa, hivyo alishavizoea, aliogopa magari. Alisubiri barabarani mpaka wenzake wakamcheka. Bomba la mvuke lilipovuja kazini alikuwa wa kwanza kukimbilia nje. Akipata kichefuchefu kidogo, alihesabu siku zilizobaki. Kila mwisho wa mwezi makato ya bima yalitoka kwenye mshahara wake, na kila mara alijiuliza analipia nini.

Mwezi wa nne Redio alikuja bila begi. Aliketi kwenye ngazi ya mlango, hakutaka kuingia ndani.

"Wameniacha," alisema. "Sikufikisha idadi ya wateja. Hata habari yako hawakuijua. Ni idadi tu."

"Pole, shemeji," Mama Kola akamwambia. Alitaka kukasirika, akaitafuta hasira hiyo asiipate. Alimwandalia chai, Redio akainywa yote.

Jumatatu akarudi kwenye lile dirisha. Binti alimkumbuka.

"Wakala wako hayupo tena, mama. Mafaili yake yote yamepelekwa kwa wakaguzi, na mkataba ulioko kwao hauvunjwi."

"Basi niandike mwenyewe."

Akaandika mwenyewe, kurasa mbili, kwamba jibu la swali la kumi na moja si kweli na kwamba yeye ndiye aliyesaini akijua. Redio hakumtaja. Akaambatanisha vipimo na barua aliyoandikiwa na daktari wa kliniki, ikisema mgonjwa huyu anatumia dawa bila kukosa na afya yake ni njema. Binti akagonga muhuri wa kupokelewa. Mama Kola alitoka pale akiwa mwepesi. Njiani aliwanunulia watoto machungwa.

Jibu lilikuja baada ya wiki saba. Mkataba wake umefutwa tangu siku ya kwanza kwa sababu ya taarifa ya uongo. Alichokwisha kulipa hakirudi. Na ombi lake jipya halitapokelewa kwa muda wa miaka mitano, kwa kuwa jina lake limeingizwa kwenye orodha ya waliodanganya. Barua ilimalizia kwa kumshukuru kwa kuichagua kampuni.

Alikwenda nayo dirishani.

"Naweza kukata rufaa?"

"Unaandika barua, mama."

"Kwa nani?"

Binti yule alisita. "Kwa hao hao walioandika hii."

Mumewe aliisoma ile barua karakanani, akairudia tangu mwanzo, akakaa kwenye kigoda alichokuwa akikiunda, miguu mitatu imeshafungwa na mmoja bado, nusura aanguke.

"Nitamwambia mama," alisema.

"Umwambie nini?"

"Kila kitu. Leo hii hii."

Mama Kola alimtazama. Hakuwa na kinyongo naye. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyesimama kutwa nzima.

"Ili iweje sasa?" aliuliza.

Mume akaendelea kuishika barua kwa mikono miwili, vumbi la mbao likiingia kwenye mikunjo yake.

Baadaye Mama Kola alijaribu kampuni nyingine mbili ambazo muuguzi alimwelekeza. Zote, kabla ya kuuliza habari za virusi, ziliuliza kama mwombaji amewahi kufutiwa bima kwa kutoa taarifa za uongo. Aliweka Ndiyo kwa mkono wake mwenyewe kwenye fomu zote mbili. Ya kwanza ilimkatalia ndani ya siku tatu. Ya pili ilimwambia asubiri, faili liko kwa wahusika. Hupiga simu kila Ijumaa wakati wa mapumziko, na kila Ijumaa huambiwa asubiri. Binti yake sasa yuko darasa la saba.