Mkono wa Miezi Kumi na Minne

Mtaani walimwita Mama Pindo kwa sababu pindo aliloshona yeye halikufumuka hata nguo yenyewe ikichakaa. Alikuwa fundi cherehani, mjane wa miaka hamsini na moja, mnene kiasi, mwepesi wa kucheka, na alikuwa na kisukari. Siku moja sindano ya cherehani ilimchoma kidole cha mkono wa kulia. Akakinyonya, akakifunga kipande cha kitambaa, akaendelea na kazi. Wiki ya pili kidole kilikuwa cheusi. Hospitali wakakata kidole, kisha kiganja, kisha wakakata chini kidogo ya kiwiko, na hapo ndipo ugonjwa uliposimama.

Mwaka mzima baada ya hapo cherehani ilikaliwa na mdogo wake, mwanamke mkavu wa maneno ambaye kushona hakukuwahi kumkaa. Mishono yake ilikwenda kama mlevi anayetafuta nyumba. Mama Pindo alikaa pembeni kwenye stuli akimwelekeza kwa mdomo. "Vuta. Usivute. Mungu wangu, hiyo ni kola au sikio la mbuzi?" Walicheka, lakini wateja waliondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Ndipo hospitali ilipompeleka chuo kikuu. Palikuwa na utafiti uliounganisha vitivo vitatu. Watu wa uhandisi walikuwa wametengeneza mikono bandia ya umeme, ambayo husikiliza misuli ya kigutu na kufunga au kufungua vidole. Watu wa tiba waliwachagua wagonjwa na kuwapima. Watu wa sanaa walitakiwa kujua yale ambayo vipimo havisemi: mtu aliyevaa mkono huo anauonaje, anauitaje, na yeye mwenyewe anajionaje. Kazi hiyo ya mwisho alipewa mwanafunzi wa uzamivu wa isimu, binti wa miaka thelathini na mbili, mpole, mwenye kinasa sauti kidogo kilichofungwa mpira ili betri isidondoke. Washiriki walikuwa kumi na mmoja. Mama Pindo alikuwa Mshiriki Namba Saba.

Ni huyo binti aliyemsomea fomu ya ridhaa, kurasa tisa, bila kuruka mstari. Kipengele cha kumi na tatu kilisema kwamba kifaa ni mali ya utafiti na kitarudishwa siku utafiti utakapofungwa.

"Umekielewa hicho, mama?"

"Mwanangu, hata ungenisomea habari za mwisho wa dunia ningetia sahihi." Akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi zikapanda na kushuka.

Kila Alhamisi asubuhi binti huyo, Mtafiti, alifika kwenye kile chumba cha ushonaji, akakaa kwenye benchi kati ya pasi na rundo la vipande vya vitambaa, akabonyeza kinasa sauti, akauliza swali lililopitishwa na kamati: "Tangu tulipoonana mara ya mwisho, mkono umekuwa nini kwako?"

"Swali gani hilo?" Mama Pindo aliuliza mara ya kwanza. "Aliyelitunga amekula kweli?"

Mwanzoni hakuuita mkono. Alisema "hicho kidude chenu". Kidude chenu kimeniangushia kikombe. Kidude chenu kimemshika paka wa jirani, kikagoma kumwachia. Mwezi wa tatu akaanza kusema "mkono wa chuo". Kufikia hapo alishaweza kusukuma kitambaa chini ya sindano, kwa kutafuta mbinu yake mwenyewe ambayo mhandisi hakuwa ameifikiria: vidole alivifunga nusu, akavilaza, vikawa kama kipande cha ubao kinachoteleza. Alhamisi moja ya mwezi wa sita Mtafiti alimkuta ameegemea ukuta, macho mazito.

"Nimeshona makoti mawili toka jana," alisema. "Mkono wangu umechoka, na mimi nimechoka."

Mtafiti alipoisikiliza sauti hiyo chumbani kwake, aliirudisha mara nne. *Mkono wangu.* Akapitia mahojiano ya washiriki wote, akakuta kati ya kumi na mmoja, tisa walikuwa wamepita njia ileile: kutoka kitu, kwenda mkono wa mtu mwingine, kwenda mkono wangu. Hilo ndilo likawa kiini cha tasnifu yake. Alipolisoma kwenye mkutano wa wanazuoni, ukumbi ulipiga makofi, na profesa mmoja mzee alimfuata hadi kwenye chai kumpa mkono.

Wateja wakarudi. Mdogo wake Mama Pindo akarudi kwenye kazi anayoiweza, ya kupiga pasi na kugombana na wanaochelewa kuchukua nguo. Mwezi wa kumi na mbili shule ya jirani ikawapa kazi ya sare za watoto wote wa darasa la kwanza.

Mwezi wa kumi na tatu wakuu wa utafiti waliitana. Walikuwa watatu tu kwenye chumba cha mikutano: Daktari wa mifupa, Mhandisi, na Mtafiti. Daktari alisoma barua. Muda wa utafiti ulikuwa unaisha tarehe thelathini ya mwezi uliofuata. Mikono yote irudishwe, ifunguliwe, uchakavu wake upimwe.

"Tuwaachie," alisema Mtafiti. "Angalau wale wanaoitumia kazini."

Daktari alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Washiriki wote aliwajua kwa majina ya watoto wao. "Unakumbuka Namba Nne?"

Mtafiti alikumbuka. Betri ya mkono wa Namba Nne ilipata moto akiwa amelala mchana, ikambabua kigutu mpaka nyama ikaonekana.

"Tulimtibu kwa sababu utafiti ulikuwepo," Daktari alisema. "Baada ya tarehe thelathini hakuna kliniki ya mikono, hakuna fundi wa betri, hakuna mtu wa kupigiwa simu. Akiungua mwingine, atakwenda kwa nani?"

"Basi tuombe tuongezewe muda."

"Nimeomba mara mbili," alisema Mhandisi, akitazama meza. Alikuwa kijana mrefu, kucha zake zimejaa gundi siku zote. "Wafadhili wamehamia kwenye mambo mengine. Wanasema mkono umeshathibitishwa kuwa unafanya kazi. Kilichothibitishwa hakiwapi hamu tena."

Mtafiti aliiandikia kamati ya maadili barua ya kurasa tatu. Alijibiwa baada ya majuma mawili kwamba hoja zake ni nzito, na kwamba kamati haiwezi kuruhusu kifaa cha majaribio kukaa mwilini mwa mtu bila msimamizi. Aliisoma akitafuta pa kubishana, hakupaona.

Daktari na Mhandisi wakamtuma yeye kwenda kuwaambia washiriki. "Wewe wamekuzoea," walisema.

Mama Pindo alimsikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha cherehani. Kisha akaisimamisha.

"Si uandike umeibiwa?"

"Mama..."

"Wezi si wapo? Andika nilikuwa natoka sokoni, vijana wakanivamia. Mimi nitalia vizuri tu polisi, nina kipaji." Alicheka, lakini macho hayakucheka. "Au andika umetumbukia chooni. Nani ataingia kuuchungulia?"

Mtafiti aliondoka. Siku mbili hakula vizuri. Siku ya tatu alipiga moyo konde, akaijaza fomu ya vifaa vilivyopotea, akaipeleka mwenyewe kwa Mhandisi kwenye karakana. Mhandisi aliisoma, akafunga mlango.

"Hata ukiandika umeliwa na simba, haisaidii," alisema taratibu. "Mikono yote ina kikomo ndani. Tarehe thelathini saa sita mchana inajizima. Kamati ndiyo iliyotaka, na mimi ndiye niliyekiweka. Nilichagua mchana ili mtu asikwame akiwa peke yake."

"Kitoe."

"Nikikitoa, ile betri inaendelea kufanya kazi. Betri zote ni za kundi moja na ya Namba Nne." Akamtazama. "Mimi silali, dada. Usifikiri nalala. Niambie tu kwamba akiungua, utaweza kuishi nalo, na mimi nitakitoa leo hii."

Mtafiti alisimama pale, mikono yake miwili ikiwa mifukoni. Alifikiria kigutu cha mwanamke mwenye kisukari, na kidonda kisichopona. Mhandisi akaichana ile fomu vipande vinne, akaviweka kwenye pipa.

Tarehe thelathini haikuwa Alhamisi, lakini alikwenda. Habari ya saa sita Mama Pindo alikuwa ameshaambiwa. Alimkuta Mama Pindo amekaa cherehanini tangu alfajiri. Sare zilibaki thelathini na mbili, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Hakuna aliyemsalimu mwenzake sawasawa. Mdogo mtu alikuwa anapiga pasi kola zilizokamilika, akizirusha kwenye kapu. Mama Pindo alishona bila kuinua kichwa, mguu kwenye pedeli, mkono wa kushoto ukivuta, ule wa kulia ukisukuma, na kila alipomaliza moja alisema idadi tu: "Ishirini na sita. Ishirini na tano."

"Kunywa hata maji, dada," alisema mdogo wake.

"Nitakunywa saa saba."

Ilipofika saa sita alikuwa kwenye kola ya kumi na nane kutoka mwisho. Mkono haukutoa sauti yoyote. Ulifunga tu vidole, kitambaa kikiwa katikati, ukakaa. Mama Pindo alisubiri, kama mtu anayesubiri umeme urudi. Akakaza misuli, mshipa wa shingo ukamtoka. Akajaribu tena. Kisha akaanza kufungua vidole kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, havikufunguka.

"Nipe mkasi," mdogo wake alisema, ingawa mkasi alikuwa nao yeye mwenyewe. Akaikata kola pande zote mbili. Kipande cha kitambaa cheupe kikabaki ndani ya ngumi.

Wakaufungua mkanda, wakauvua mkono. Kigutu kilikuwa chekundu kwa jasho. Mtafiti alitoa fomu ya mahojiano ya kufunga, kwa sababu ilikuwa lazima, akabonyeza kinasa sauti. Alisoma swali mpaka katikati.

"Andika unachotaka," alisema Mama Pindo. "Si wewe ndiye unayejua ninavyosema?"

Hakulisema kwa hasira. Laiti angelisema kwa hasira. Mtafiti alizima kinasa sauti.

Mdogo mtu alimsindikiza mpaka mlangoni, ule mkono ukiwa umefungwa kwenye khanga kama mtoto. "Binti, mimi sina kinyongo na wewe," alisema. "Lakini dada yangu mara ya kwanza alikatwa na ugonjwa. Naomba usije tena." Akamkabidhi, akarudi ndani.

Sare kumi na nane zilishonwa na fundi wa mtaa wa pili, na shule haikuwapa kazi tena. Hospitali ilimpa Mama Pindo mkono wa mpira, wa kuvaa ili watu wasishangae, wenye rangi isiyofanana na ngozi yake wala ya mtu yeyote. Aliuvaa siku moja kwenda msibani, kisha akauweka kabatini. Cherehani iliuzwa kabla mwaka haujaisha.

Mtafiti alimaliza tasnifu. Wakati wa kuitetea, mtahini mmoja alimsifu kwa sura ya tano, akamwuliza kwa ukarimu: "Na huyu Mshiriki Namba Saba, aliyekupa mifano mizuri kuliko wote, iliishaje kwake?"

Mtafiti aliinua macho. Aliona majedwali yake mwenyewe ukutani. "Alikamilisha utafiti," alijibu. Mtahini akaitikia kwa kichwa, akafunua ukurasa.

Alipewa kazi kwenye utafiti mpya, wa mikono iliyoboreshwa. Safari hii ulikuwa wa miaka miwili, na betri zilikuwa salama zaidi. Alikuwa ofisini akipanga orodha ya watu wa kupigiwa simu pale simu yake mwenyewe ilipoita. Sauti aliijua kabla haijamaliza kusalimia.

"Mwanangu, hujambo? Nimesikia kliniki kuna mikono mingine inakuja."

"Sijambo, mama. Shikamoo. Ni kweli, inakuja."

"Marahaba. Basi niandike. Nimeshamwambia mdogo wangu akikutukana asinijue."

Mtafiti alitazama karatasi iliyokuwa mbele yake. "Mama, safari hii wanataka watu walio chini ya miaka hamsini. Na wasiwe na kisukari."

Upande wa pili ulisikika mlio wa redio ya mtu mwingine.

"Unaweza kuandika arobaini na tisa," alisema Mama Pindo. "Na sukari yangu imeshuka."

"Watakupima, mama. Wanampima kila mtu."

"Hata nikisema nitaurudisha mapema? Mimi mwaka mmoja unanitosha."

"Hawatakubali."

"Aa. Basi." Alikohoa kidogo. "Na wewe umeshamaliza kusoma kwako?"

"Nimemaliza."

"Hongera, mwanangu. Hongera sana. Mimi nilijua utamaliza." Akasema salio la mdogo wake linakwisha, akamtakia kazi njema, simu ikakatika yenyewe.

Mtafiti alikaa mpaka chai iliyokuwa mezani ikapoa. Mtu wa kwanza kwenye orodha alikuwa mchomelea vyuma wa miaka ishirini na tisa, mwenye mke na mtoto mchanga. Akabonyeza namba zake. Yule kijana alipokea kabla simu haijaita mara ya pili.